Ngagi na Mbongo: watoto wa msitu wa Kivu waliopelekwa kuonyeshwa

Ndani ya bustani ya wanyama ya San Diego, California, Marekani, kuna sanamu mbili za shaba zenye vichwa vya gorila. Mmoja aliitwa Mbongo, mwingine Ngagi. Wageni wa kule wanapita hapo, wengi wakidhani ni majina yaliyobuniwa tu ili yasikike ya Kiafrika. Mtu wa Mudaka hahitaji kuelezwa. Ngagi ni ngagi, jina ambalo watu wa Kivu wanamwita mnyama huyo tangu enzi za mababu. Ni kama mtu akamate mtoto wa wenyewe, amvushe bahari, kisha ampe jina la «Mtu».

Kisa chao kinaanza mwaka 1930. Martin Johnson na mke wake Osa, Wamarekani waliojulikana kwa kupiga filamu za wanyama Afrika, walifika katika milima iliyoitwa Alumbongo, kaskazini ya Ziwa Kivu. Ndiko jina Mbongo lilikotoka. Walikuwa wakitengeneza filamu iliyotoka mwaka 1932 kwa jina «Congorilla». Siku moja ngagi wawili wadogo walipanda mti mmoja wakakwama humo. Wawindaji wakakata miti ya kandokando ili watoto wasiruke kwenda mti mwingine, kisha wakauangusha ule mti wenyewe, wakawafunika kwa maturubai na kuwafunga. Yote hayo yalipigwa filamu. Ruhusa ya serikali ya kikoloni ilikuwa ya ngagi mmoja. Wajohnson waliomba wabaki na wote wawili, wakakubaliwa.

Oktoba 1931 watoto hao waliingia San Diego. Kwa upande wa maonyesho, hakuna aliyeweza kusema mambo yalikwenda vibaya. Watu walijaa kuwatazama. Mbongo alinenepa mpaka akafikia karibu kilo 280, na bustani ikajivunia kuwa na ngagi wakubwa kuliko wote waliokuwa wamefungiwa duniani. Walikuwa wamenunuliwa kama dume na jike ili wazae. Ikapita miaka kadhaa kabla ya mtaalamu mmoja kugundua kwamba wote wawili ni madume. Mbongo alikufa mwaka 1942, Ngagi akamfuata mwanzoni mwa 1944. Hawakuacha mtoto. Ngagi dume porini huchukua zaidi ya miaka kumi kufikia mgongo mweupe na anaweza kuishi zaidi ya thelathini. Hawa waliondoka wakati ule ambao mwenzao wa msituni ndiyo kwanza angeanza kuongoza familia yake.

Wenye farasi wanalijua swali hili vizuri. Kule Ulaya na Marekani, na hata kwenye uwanja wa mbio wa Ngong jijini Nairobi, farasi wa miaka miwili huingizwa mashindanoni, wakati mifupa ya mgongo wa farasi haimalizi kukomaa mpaka afike miaka mitano au sita. Mwenye farasi anayesubiri anapoteza zawadi za miaka ya mwanzo. Asiyesubiri anaweza kupata kombe leo, na kesho akabaki na mnyama kilema. Huku Kabare farasi si mnyama wetu, sisi ni watu wa ng'ombe na mbuzi. Lakini Kivu imekuwa na mnyama wake aliyesukumwa mbele ya watazamaji akiwa bado wa kunyonya, na hesabu yake ilikuwa mbaya kuliko ya farasi, maana farasi mdogo angalau hachukuliwi kwa kuua mama yake.

Sababu yenyewe haihitaji darasa. Ngagi mkubwa hakamatiki akiwa hai. Hakuna kamba wala wavu wa kumtosha. Basi wanaotaka kumwonyesha mjini humtafuta mtoto. Naye mtoto hayuko peke yake. Ananyonya miaka mitatu au minne, analala katika kiota kimoja na mama yake, na kati yake na binadamu yuko baba mwenye mgongo mweupe ambaye hakimbii. Wajohnson walibahatika kuwapata wawili juu ya mti. Wengine wengi walifungua njia kwa bunduki, mikuki na mbwa.

Miaka michache kabla yao, Mmarekani mwingine, Ben Burbridge, alikuwa amewinda watoto wa ngagi katika milima ya Virunga. Mmoja, jike mdogo, alipewa jina la Congo. Alifika Florida mwishoni mwa 1925. Profesa Robert Yerkes, aliyekuwa akichunguza akili za wanyama, alikwenda kumpima mara kadhaa na kumwandikia kitabu kizima. Alimkuta mnyama mpole, aliyejitenga, asiye na mwenzake wa kucheza naye, akiishi kwa mnyororo. Baadaye Congo aliingia mikononi mwa John Ringling, mwenye sarakasi kubwa ya Marekani. Aprili 1928 akafa, bado mtoto. Na mwaka huo huo wa 1925 aliochukuliwa, serikali ya Wabelgiji ilikuwa imeanzisha Hifadhi ya Albert, ndiyo Virunga ya leo, kwa sababu kuu ya kuwalinda ngagi! Sheria iliandikwa, na watoto wakaendelea kutoka.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya wakoloni, na kwamba zamani watu hawakujua. Sasa tusogee mpaka 1969. Bustani ya wanyama ya Köln, Ujerumani, ilitaka ngagi wa mlimani. Upande wa Rwanda wa milima ile ile walikamatwa watoto wawili. Dian Fossey, Mmarekani aliyeishi kule juu akichunguza ngagi baada ya kuondoka upande wa Kongo mwaka 1967, alipelekewa watoto hao wakiwa mahututi ili awatibu. Akawaita Coco na Pucker. Fossey aliandika baadaye kwamba ngagi kumi waliuawa kwa ajili ya kumpata Coco, na wanane kwa ajili ya Pucker.

Aliwatibu nyumbani mwake kwa majuma mengi. Alijaza chumba majani ya msituni, akalala nao, akawapa maziwa na dawa mpaka wakaanza kucheza. Alitaka wapone kabisa, kisha awajaribu kwa kundi la porini. Jibu alilopata lilikuwa la ahadi: Köln inangoja. Tena aliambiwa kwamba akiwazuia hawa, watakamatwa wengine. Hapo mtu akiwaza vizuri anaona mtego ulivyo. Ukimwokoa huyu, unamhukumu mwingine ambaye bado yuko mgongoni kwa mama yake. Mei 1969 Coco na Pucker walipanda ndege. Waliishi Köln miaka tisa, wakafa wote mwaka 1978, wakipishana muda mfupi tu. 

Wakati Coco na Pucker wanapelekwa Ulaya, huku kwetu, juu ya Miti, kulikuwa na kazi ya namna nyingine. Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyekuwa amekulia Kivu, alikuwa akiingia msitu wa Kahuzi siku baada ya siku, akifuata makundi mawili ya ngagi, la Casimir na la Mushamuka, mpaka wakamzoea. Tarehe 30 Novemba 1970 Kahuzi-Biega ikawa hifadhi ya taifa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970, wageni walianza kupandishwa kutoka Tshivanga kwenda kuwaona ngagi mahali wanapoishi. Kahuzi-Biega ni kati ya sehemu za kwanza kabisa duniani kufanya hivyo. Wazee wa barabara hii wanakumbuka magari ya watalii yakipita Mudaka asubuhi na kurudi mchana na viatu vyenye matope.

Mambo yaligeuka hapo, ingawa haikutangazwa hivyo. Badala ya mtoto kupelekwa kwa watazamaji, watazamaji ndio waliotembea kwenda kwake, kwa masharti yake. Wageni ni wachache, na muda wao ni saa moja, kisha wanaondoka hata kama wamelipa pesa nyingi. Hawasogei karibu. Mwenye mafua anabaki chini, maana kikohozi cha mtu kinaweza kuwa kifo kwa mtoto wa ngagi. Ngagi wakiingia kwenye mianzi wasionekane, mgeni anarudi na picha za majani. Mtoto hatafutwi ili apigwe picha nzuri.

Lakini haki haitatimia tukisimulia sehemu hiyo tu. Waliomwongoza Deschryver msituni, waliojua nyayo za ngagi na mahali pa kulala kwao, walikuwa Batwa. Msitu huo ulikuwa makao yao. Hifadhi ilipoanzishwa na kupanuliwa katika miaka ya 1970, familia za Batwa ziliondolewa, bila mashamba ya kuanzia maisha mapya, na watoto wao wakakulia kandokando ya vijiji vya wengine. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliosema serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Familia iliyohama na kulala kwenye darasa la shule au kanisani haitashangaa kusikia hayo, wala haitashangaa mtu akiuliza kwa uchungu kwa nini mtoto wa ngagi alipata mlinzi mapema kuliko mtoto wa Mtwa. Swali hilo ni halali. Halimfanyi mtoto wa ngagi kuwa mkosaji.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1994 kambi kubwa za wakimbizi kutoka Rwanda zilijengwa kwenye barabara hii hii, Kashusha na INERA, hatua chache kutoka ukingo wa msitu. Watu walihitaji kuni, walihitaji kula. Mwaka 1996 vita vilizivunja kambi hizo, na kuanzia 1998 vingine vikafuata. Msitu ukawa njia ya kukimbilia, maficho ya wenye silaha, na soko la nyama. Katika sehemu ya milimani ya hifadhi, mwaka 1996 walihesabiwa ngagi 245. Mwaka 2000 walibaki karibu 130. Makundi yaliyozoea watu ndiyo yaliyopigwa vibaya zaidi, kwa sababu yalikuwa yamefundishwa kutoogopa binadamu. Hilo ni jambo zito kwa yeyote anayependa kumzoeza mnyama: mazoea yale yale yaliyomleta mgeni mwenye kamera yalimsogeza karibu na mwenye bunduki.

Ni katika siku hizo ndipo Lwiro ilipoingia katika habari hii. Kituo cha utafiti cha Lwiro kinajulikana na kila mtu wa Kabare. Kilianza mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, na majengo yake yale makubwa yamesimama juu ya mashamba mpaka leo. Mwaka 2002, ICCN na kituo hicho, sasa CRSN, walifungua mahali pa kupokea nyani na sokwe walionyang'anywa mikononi mwa wawindaji na wauzaji. Wengi ni sokwe, ndugu wadogo wa ngagi. Wanaletwa wakiwa na alama ya kamba kiunoni, kidonda cha panga, au risasi iliyompitia mama ikabaki kwao. Wengine walikuwa wamefungwa barazani kwa tajiri ili wageni wacheke wakiwaona wanakunywa pombe. Leo sokwe wanaoishi hapo wamepita 100, na nyani wengine pia ni zaidi ya 100.

Kazi yake na mtoto ni ya polepole mno, na haimvutii anayetaka kuona mambo makubwa. Kwanza anatengwa na wengine na kupimwa, hasa kifua kikuu, ugonjwa ambao sokwe anaupata kutoka kwetu. Anapewa mama mlezi, mwanamke anayembeba, anayemnywesha na kulala karibu naye, kwa sababu mtoto wa sokwe asiyeshikwa na mtu anakataa kula, na akikataa kula anakufa hata kama hana kidonda. Miezi ikipita, yule mama anaanza kujiondoa taratibu. Mtoto anakutanishwa na wenzake wa umri wake, baadaye na wakubwa. Kuna anayehitaji miezi, na kuna anayehitaji miaka. Wanafunzi wa shule za jirani wanafika Lwiro kufundishwa, na wageni wanapokelewa, lakini mtoto mgonjwa hatolewi nje ili apigwe picha.

Kitu kimoja kinasumbua sana kazi hii, nacho ni huruma. Mtu mwenye roho nzuri anamwona mtoto wa sokwe amefungwa kamba pembeni mwa soko, anatoa pesa, anamnunua ili amwokoe. Muuzaji anarudi msituni kesho yake. Ni ule ule mtego uliomnasa Fossey mwaka 1969, ila bei ni ndogo. Ndiyo maana Lwiro hainunui. Sheria ya Kongo inamlinda sokwe na ngagi kabisa. Kumshika, kumuuza au kumfuga nyumbani ni kosa, na anayemwona anapaswa kuwaambia watu wa ICCN, asifungue mfuko wake.

Fossey mwenyewe alipata nafasi ya pili. Tarehe mosi Januari 1980 aliletewa mtoto jike aliyekuwa amekamatwa upande wa Zaire, akauzwa mpaka Ruhengeri. Akamwita Bonne Année. Safari hii hapakuwa na bustani iliyokuwa ikingoja. Alimlea kwa muda, kisha akampandisha msituni. Kundi la kwanza lilimpiga, majike wakamburuta na kumng'ata, ikabidi watu wamwondoe. Kundi la pili likampokea. Bonne Année aliishi nao karibu mwaka mmoja, akafa kwa homa ya mapafu. Wapo waliosema kazi yote ilikuwa bure. Hilo ni neno la mtu anayehesabu matokeo peke yake. Mwaka ule mmoja aliuishi akiwa na wenzake, akila majani ya kwao, bila mnyororo.

Na somo la Bonne Année halikupotea: mtoto mmoja peke yake, akirudishwa akiwa bado mdogo, ana nafasi ndogo. Huko Kasugho, katika teritwari ya Lubero, kuna kituo kinachoitwa GRACE kinacholea ngagi yatima wa aina hii yetu ya Kahuzi-Biega. Hapo yatima hawakuharakishwa popote. Walikuzwa pamoja kama familia, ndani ya kipande cha msitu chenye uzio, wakijifunza wao kwa wao kujenga kiota na kuchagua chakula. Miaka kumi na zaidi ilipita hivyo. Mwaka 2023 majike wanne kati yao, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walihamishiwa kwenye mlima Tshiabirimu, ndani ya Virunga, ambako lilikuwa limebaki kundi dogo la ngagi, chini ya kumi, lililokuwa karibu kwisha.

Hawakuachiliwa siku ile. Waliwekwa katika uzio pale mlimani kwa takriban mwaka mzima, wakizoea baridi, majani na sauti za wenyeji. Madume wa porini walifika mpaka kwenye uzio kuwaangalia. Oktoba 2024 uzio ulifunguliwa. Wale wanne wakatoka, wakaingia msituni na kundi.